Siku Tatu kando ya Mto Kuiseb

Kwetu Kivu hakuna mtu anayeuliza mto ni kitu gani. Mto ni maji yanayokwenda. Masika yanakwenda, kiangazi yanakwenda, na mtoto aliyechota leo anajua kwamba kesho atachota tena mahali palepale. Kwa hiyo mdogo wangu, aliye mwalimu katika mji wa Windhoek, nchini Namibia, aliponiambia kwamba tutakwenda kulala katika mahema kando ya mto, nilimwuliza kama nitafute ndoana za kuvulia samaki. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kaka," akasema, "wewe tafuta mitungi ya maji ya kunywa. Mto huo ni sisi tunaoupelekea maji."

Basi leo nataka kuwasimulia ndugu wasomaji habari za mto huo, jina lake Kuiseb, pamoja na habari za aibu iliyonipata ukingoni mwake. Aibu ya mtu mmoja yaweza kuwafaa wengi.

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na kila mwaka siku hiyo ni sikukuu. Nilipokuwa huko sikukuu iliangukia Ijumaa, hata walimu wa shule ya mdogo wangu wakapata siku tatu za kupumzika. Tuliondoka Windhoek alfajiri, watu 11 katika magari matatu. Ndani ya hesabu hiyo walikuwamo watoto wawili wa mdogo wangu: msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6. Mama yao alibaki nyumbani kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga. Wakati wa kuagana alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, watoto hao nimewaweka mikononi mwako." Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Mji wa Windhoek umejengwa juu, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi iko milima ya Khomas, na humo ndimo mto Kuiseb unamoanzia. Huko mvua hunyesha miezi michache ya mwaka. Kutoka hapo mto unashuka kuelekea bahari ya Atlantiki, karibu na mji wa Walvis Bay. Lakini kadiri unavyoshuka, ndivyo nchi inavyozidi kukauka, mpaka unaingia katika jangwa la Namib. Huko siku nyingi za mwaka hutaona juu yake tone moja la maji. Maji yapo, lakini yamejificha chini ya mchanga.

Tuliipita Gamsberg, mlima wa mita 2,347, ambao kichwa chake ni bapa kama meza. Kisha tukateremka kwenye daraja la Kuiseb, ndani ya korongo refu la mawe meusi. Tulisimamisha magari tukatazama chini: mchanga, mawe, na mti mmoja uliokauka. Mdogo wangu akatusimulia habari za Henno Martin na Hermann Korn, Wajerumani wawili, wataalamu wa miamba, waliokimbilia makorongo haya mwaka 1940 ili wasifungwe kambini wakati wa vita. Walikaa humo karibu miaka miwili na nusu, wakila nyama ya wanyama waliowawinda, mpaka Korn aliposhikwa na ugonjwa, ndipo wakatoka, mwaka 1942. Walikuwa watu wenye elimu kubwa. Hata hivyo, ili wapate maji, iliwabidi wafuate nyayo za wanyama.

Nakumbuka kwamba tulipokuwa tukiingia tena garini niligeuka nyuma. Juu ya milima tuliyotoka mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi kama masizi ya chungu. Niliyaona, wala sikuyatia moyoni. Mbele yetu mbingu ilikuwa nyeupe na jua kali.

Baada ya daraja huja uwanda wa kokoto usio na mwisho. Hapana kijiji, hapana mti, ila mbuni wachache wakikimbia kwa mbali. Karibu na magharibi tukafika Homeb, mahali panaporuhusiwa kupiga mahema. Lo! Sikuwa nimepata kuona nchi kama ile. Upande wa kaskazini, uwanda wa kijivu tuliotoka. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto, vilima vya mchanga mwekundu, kimoja nyuma ya kingine, kama mawimbi ya ziwa letu yaliyogandishwa siku ya tufani. Bahari hiyo ya mchanga ni zaidi ya hektari milioni 3, na mwaka 2013 iliandikwa katika urithi wa dunia. Katikati ya uwanda na mchanga umepita mstari wa miti ya kijani: huo ndio mto. Iko migunga mirefu, iko mikuyu, tena uko mswaki, mti uleule ambao watu wa pwani husugulia meno kwa vijiti vyake. Nilifurahi kama aliyekutana na jamaa ugenini.

Sasa ilibidi kuchagua mahali pa kulala. Ukingoni palikuwa na mawe, tena upepo ulivuma. Chini, ndani ya mkondo mkavu, palikuwa na mchanga laini, na miti ilikinga upepo. Nilisema, "Tupige hapa chini." Mdogo wangu akasitasita. "Kaka, wenzangu husema si vizuri kulala ndani ya mto." Nikamwuliza, "Mto uko wapi? Nionyeshe maji, nami nitapanda." Walimu wengine walicheka. Mdogo wangu akanyamaza, akachukua nyundo, akaanza kupigilia vigingi. Mahema mawili yakasimama chini: letu, lenye watoto, na la vijana wawili walioniona kuwa mtu mwenye akili. Wengine walilala juu, juu ya mawe.

Usiku ule nililala usingizi mtamu. Niliamka mara moja tu, nikaona kwa mbali, upande wa mashariki, mwanga ukipiga na kuzimika, kupiga na kuzimika, bila sauti.

Jumamosi asubuhi tulipanda kilima cha mchanga pamoja na watoto. Kisha tukaenda kuwasalimu wenyeji. Kandokando ya Kuiseb wanaishi watu waitwao Watopnaar, wafugaji wa mbuzi. Lugha yao ina sauti za kugonga ulimi kaakaani ambazo sisi Wabantu wa Kivu hatuziwezi. Kwa bahati alikuwamo katika kundi letu mwalimu mmoja mwanamke, mzaliwa wa Walvis Bay, aliyeijua lugha hiyo vizuri, naye akawa mkalimani wetu. Mzee mmoja alitukaribisha chini ya mti, akatupatia matunda ya nara. Nara ni kichaka cha miiba kisicho na majani. Huota mchangani, na mizizi yake huteremka mita nyingi mpaka yafikie maji ya chini. Tunda lake lina ukubwa wa kichwa cha mtoto mdogo, mbegu zake zina mafuta, na wenyeji wamelitegemea tangu zamani za babu zao.

Tulipokwisha kula, mzee akauliza, "Ni nani waliolala mtoni?"

Nikasema ni sisi.

Akasema, "Ondokeni leo. Usiku wa jana umeme ulipiga sana kule juu. Mchanga wa huko ukishashiba, maji huja huku. Yanaweza kuja leo, yanaweza kuja kesho, tena yanaweza yasije."

Neno hilo la mwisho ndilo nililolidaka. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie mzee ninamshukuru. Lakini mimi ni mtu wa Bukavu. Kwetu kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,200 za mvua, na hapa nimesoma kwamba ni kama 25 tu. Mvua naijua tangu kuzaliwa. Wahenga wetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Nami nikitazama juu sioni hata wingu moja."

Yule mwalimu alitafsiri polepole, na nadhani aliyalainisha maneno yangu. Mzee hakukasirika. Alitazama mchanga wa mto, akajibu kwa maneno machache: "Mawingu ya mto huu hayako hapa."

Nilirudi kambini nikimwona kuwa mzee mwema mwenye hofu nyingi.

Jioni mbingu ikabadilika. Mawingu yalitokea mashariki, upepo wa baridi ukavuma, na tulipokuwa tumeuzunguka moto, nyama zikichomwa, matone yakaanza kuanguka. Mvua jangwani! Walimu wote waliinuka wakanyosha mikono kama watoto. Harufu ya udongo uliolowa ilituzunguka. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu, lakini ilitosha kuuzima moto, kulowesha mablanketi, na kutufanya tule nyama nusu mbichi. Tulijibanza chini ya turubai, tukaimba, tukacheka. Nami nikasema kwa sauti kubwa, "Hii ndiyo mvua tuliyotishiwa? Kwetu tungeiita umande."

Yapata saa tatu ya usiku nikasema twende tukalale. Mdogo wangu akasimama, akaketi tena. Ndipo yule mtoto wa kike alipotoka hemani, amekunja mkeka wake na shuka yake kifuani, mvua ikimnyeshea kichwani. Akaja mbele yangu, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Baba mkubwa, nisamehe. Mimi nitalala juu, pamoja na yule mwalimu. Yule babu alisema tuondoke."

Ningefanya nini? Kumlazimisha mtoto ashuke mtoni wakati yeye anafuata neno la mzee, nilishindwa. Kumwacha apande peke yake, na mimi niliyekabidhiwa nibaki chini, nilishindwa vilevile. Basi nikapanda. Ninawaambia kweli: sikupanda kwa sababu nilisadiki, bali kwa sababu niliona haya. Tuling'oa mahema gizani, vijana wale wawili wakaling'oa na la kwao, tukavuta mizigo juu ya mawe huku mvua ikinyesha na mimi nikinung'unika. Hema halikusimama vizuri kwa sababu ya upepo. Watoto walilala na mwalimu yule. Mimi na mdogo wangu tulikesha garini, magoti yakigusa kidevu.

Siku ya Dominika, kabla ya mapambazuko, niliamshwa na mbuzi waliokuwa wakilia. Wenyeji walikuwa wakiwafukuza kupanda ukingoni. Halafu nikasikia sauti nyingine, mfano wa upepo unaopita katika shamba la mahindi makavu, lakini upepo ulikuwa umetulia. Tukatoka na tochi. Kutoka juu, kati ya miti, kilikuwa kinakuja kitu cheusi chenye ukingo mweupe. Hakikuja kwa kuruka kama maporomoko. Kilitambaa, kama mtu anayekunjua mkeka mrefu. Kichwa chake kilikuwa povu, vijiti, samadi na majani. Mbele yake mchanga ulitoa mlio wa kunywa. Mwanzo maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, nikataka kucheka tena. Kabla sijapata nafasi ya kucheka yalikuwa magotini. Baada ya muda mfupi mti mzima, pamoja na mizizi yake, ulipita mbele yetu ukijigeuza, ukagonga mgunga ule tuliofungia kamba ya hema, ukaendelea.

Kulipopambazuka mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hata ukingo, maji mazito ya rangi ya kahawa. Mahali tulipolala usiku wa kwanza sikupaona tena. Nilitafuta kwa macho jiwe nililoketi juu yake nikinyoa ndevu jana yake, lilikwisha kuzama. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa. Maji yale hayakuwa ya manyunyu yetu. Ilikuwa mvua ya milimani, ya yale mawingu niliyoyageuzia kisogo pale darajani, nayo ilikuwa imesafiri tukiwa tunakula nara na kufanya mzaha.

Nilitazamia kuona wenyeji wakiwa na huzuni. Kumbe ilikuwa furaha! Wanawake walipiga vigelegele, vijana walikimbia kando ya maji wakishindana na povu. Yule mzee alishuka mpaka ukingoni, akachota maji ya matope kwa viganja viwili, akanawa uso. Nilimwendea pamoja na mkalimani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, nilipofika mbele yake nikasahau yote, nikasema tu, "Mzee, asante." Naye akauliza, "Watoto wako juu?" Nikamjibu wako juu. Akatikisa kichwa, akarudi kutazama mto wake.

Siku ile, tulipokuwa tukirudi, tulipitia Gobabeb, kituo cha uchunguzi wa jangwa kilicho chini kidogo ya Homeb, ambacho kilianzishwa mwaka 1962 na Charles Koch, mtaalamu wa wadudu. Huko huchunguza jinsi viumbe wanavyoishi kwa ukungu wa bahari, kama vile mbawakawa mmoja ambaye husimama kichwa chini juu ya kilima cha mchanga, ukungu ukamgandia mgongoni, na matone yakamtelemkia kinywani. Lakini mimi nilitaka kuelewa habari za mto. Nikafahamishwa hivi: upepo wa kusini husukuma mchanga mwekundu kuelekea kaskazini mwaka mzima, nao huanguka katika mkondo. Gharika ikija huufagia. Kama maji yasingekuja, vilima vile vingevuka vikaufunika uwanda. Tena gharika hujaza akiba ya maji chini ya mchanga. Kwa akiba hiyo miti huishi, visima vya wenyeji hupata maji, na mji wa Walvis Bay vilevile huchota humo. Maji hayo, ambayo mara chache tu hupata nguvu ya kufika baharini, ndiyo uhai wa nchi nzima. Yangetuua kwa sababu tulilala katika njia yake, si kwa sababu yalikuwa mabaya.

Katika gari, watoto walipokwisha kusinzia, nilimwuliza mdogo wangu, "Wewe ulijua?" Akakaa kimya kwa kitambo. Kisha akasema, "Niliogopa tangu Ijumaa, kaka. Usiku wa kwanza sikulala. Lakini wewe ni mkubwa wangu, tena ulisema mbele za watu." Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Mdogo wangu alikuwa tayari kulala mtoni na watoto wake ili asinivunjie heshima. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba adabu ni kumsikiliza mkubwa. Siku hizi naongeza: na mkubwa naye asikilize, maana mdogo akiogopa kusema, wote wawili watazama.

Ndugu wasomaji, labda mtasema jangwa liko mbali na kwetu. Lakini usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake Uvira, watu wengi wakafa na nyumba nyingi zikaanguka. Maji yalishuka kutoka milimani. Na tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, vijito vya Kalehe vilishuka na matope na mawe, huko na Bushushu, wakafa zaidi ya watu 400. Sisemi kwamba hao walikosa akili. Wengi wao hawakuwa na kiwanja kingine wala mahali pengine pa kuuzia mihogo yao. Lakini kila familia inayoweza kuchagua, kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza, itafute mzee wa mahali pale na kumwuliza: maji yaliwahi kupita wapi? Naye akijibu, asionyeshwe vitabu. Na mvua ikinyesha milimani, hata kama kwenu jua linawaka, watoto waondolewe kando ya kijito.

Tulipofika Windhoek usiku, shemeji alitoka na taa, akawahesabu watoto wake kwa mkono, mmoja, wawili, kama mama anavyofanya. Akanishukuru kwa kuwatunza vema. Nilitaka kunyamaza. Kisha nikamwonyesha yule msichana, ambaye alikuwa bado na mchanga katika nywele, nikasema, "Usinishukuru mimi, shemeji. Mshukuru huyu. Yeye ndiye aliyenipandisha juu."